Kovu la Herufi Sita

Kuna watu wakiona kitu kimepinda wanakinyoosha, na kuna watu wakikiona wanapita zao. Mama Sare hakuwa wa kundi hilo wala lile. Yeye akikiona anaumwa kichwa. Chungu cha ua kikikaa vidole viwili nje ya mstari, chakula hakishuki mpaka kirudi mahali pake. Wafanyakazi wake walivaa aproni za rangi moja na buti za rangi moja, na aliwahi kumrudisha mmoja nyumbani akabadilishe soksi, ambazo kwa vyovyote vile zilikuwa ndani ya buti. Jina la Mama Sare alibandikwa na hao hao wafanyakazi. Alipolisikia alifurahi, akadhani ni sifa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha.

Kazi yake ilikuwa kuotesha petunia, yale maua yenye mdomo mpana kama tarumbeta, ambayo mahoteli huyaning'iniza vibarazani ili wageni wasitazame rangi ya ukuta inavyobanduka. Petunia za watu wengine zina rangi zote za duniani. Za Mama Sare zilikuwa nyeupe. Si weupe wa maziwa, si weupe wa karatasi. Ni weupe ambao, kwa maneno yake mwenyewe, ukiutazama unajisikia hujaoga. Ulianzia kwenye pakiti ya mbegu za zambarau za dukani, ambamo mche mmoja, bila kuomba ruhusa ya mtu, ulitoa ua jeupe. Mama Sare akaulea mche ule kama mtoto aliyepatikana uzeeni. Akachavusha kwa brashi ya kupakia wanja, akavuna mbegu, akapanda, akang'oa yasiyomridhisha, akapanda tena, msimu baada ya msimu, mpaka nywele zake nazo zikaanza kulifuata ua.

Sasa alitaka jambo moja tu: hati. Kulikuwa na bodi iliyotoa hati kwa mtu aliyezalisha aina mpya ya mmea, na kwenye hati hiyo kuna mstari wa jina. Mama Sare alitaka jina lake likae pale peke yake. Bila "na wenzake". Bila "kwa kushirikiana na". Peke yake, katikati ya mstari, na nafasi ya kutosha kushoto na kulia.

Neno hilo la peke yake lilikuwa na historia, na historia yenyewe ilikuwa inaishi upande wa pili wa ukuta.

Aliyekuwa mume wake tutamwita Bwana Nusu, kama alivyoitwa na mtaa mzima. Siku walipoachana alidai nusu ya kila kitu, na hakuwa anasema kwa mafumbo. Alichukua nusu ya viti. Alichukua nusu ya vijiko, akabaki amekishika kile kimoja kilichozidi, anakitazama kwa uchungu. Sufuria kubwa aliondoka nayo, mfuniko akauacha, kwa hoja kwamba hivyo ni vitu viwili. Kiwanja nacho kikakatwa katikati kwa ukuta: banda la maua na nyumba kubwa huku, nyumba ndogo na bustani ya marehemu mama yake kule. Ukuta wenyewe ulimfika mtu kifuani tu, maana kila mmoja alilipia nusu, kisha kila mmoja akamsubiri mwenzake aongeze tofali.

Na hapo, kwenye ukuta huo mfupi, ndipo Mama Sare alipojichimbia kaburi lake kwa mikono yake miwili.

Kwa sababu ua lake jeupe halikuwa jeupe kiasi hicho. Kila asubuhi, kabla wafanyakazi hawajafika, aliingia bandani na mkasi kama mwizi anayeiba mali yake mwenyewe. Hapa na pale, kati ya weupe wote ule, ua moja lilikuwa limefunguka na doa la zambarau, kama mtu kalikung'utia wino wa kalamu. Jingine lina mstari. Jingine robo yake yote imepigwa rangi, na limetulia tu, halioni haya. Hayo aliyakata akayatia kwenye mfuko wa aproni. Lakini mara chache, zaidi baada ya siku za joto kali feni ya banda ilipogoma, mche mzima ulitoa maua ya zambarau tupu. Huo aliung'oa na mizizi yake na kuurusha juu ya ukuta.

Hakuutupa kwenye shimo la taka, kwa kuwa shimo la taka linashughulikiwa na wafanyakazi, na wafanyakazi wana macho, na chini ya macho wana midomo. Ng'ambo ya ukuta alikuwa anaishi Bwana Nusu. Kwa maoni ya Mama Sare, takataka moja zaidi upande ule haiwezi kubadili mandhari.

Sasa, petunia haielewi kwamba imetukanwa. Miche ile iliangukia chini ya ukuta, mahali ambapo maji ya banda yalikuwa yanapenya na kulowesha udongo, ikashika mizizi, ikanawiri. Bwana Nusu, ambaye hajawahi kushika jembe ila siku ya kugawana vyombo, alitoka asubuhi moja akakuta bustani ya mama yake imejaa zambarau. Akasimama. Mama yake alipenda sana pale. Machozi yakamlengalenga, halafu, kwa kuwa ni yeye, akaanza kupiga hesabu ya nusu.

Habari zilimfikia Mama Sare asubuhi, kupitia ukuta huo huo. Bwana Nusu alikuwa ameegemeza viwiko juu yake, mswaki mdomoni.

"Habari za asubuhi, jirani."

"Nzuri, mpaka ulipochomoza."

"Nasikia unaandikisha ua."

"Nani kakwambia?"

"Tangazo limebandikwa pale kwenye bodi. Mwenye pingamizi alete. Nami nikaona siwezi kuwavunja moyo, nikapeleka."

Mama Sare aliweka chini chungu alichokuwa amekibeba. Alikiweka nje ya mstari na akakiacha hapo hapo. Mfanyakazi mmoja aliyeona alirudi nyuma taratibu na kutafuta kazi upande wa mbali wa banda.

"Pingamizi gani?"

"Hilo jeupe lako limetokana na haya ya zambarau ya mama. Yalikuwa hapa kabla hujaolewa. Ukachukua, ukachagua-chagua, wakati huo sisi ni mke na mume. Kwa hiyo ni letu. Mimi sitaki makuu. Nataka nusu."

"Nusu ya ua."

"Nusu ya jina. Lako na langu kwenye hati. Hata lako likitangulia sina neno."

"Mama yako alipanda vitunguu."

"Na maua."

"Vitunguu. Navyo vilikuwa vinaota kwa kumwogopa tu."

"Mseme mimi, marehemu muache," alisema Bwana Nusu, akatoa mswaki mdomoni ili aliseme vizuri. "Maua yake hayo hapo. Yamerudi yenyewe. Mwenye macho aje aone."

Mama Sare alisogea akachungulia. Zambarau imejaa chini ya ukuta, imenenepa, inacheka. Aliyatambua yote. Lile la pembeni alilirusha ile wiki ya joto, na hasira za feni juu. Hili la katikati lilimgonga paka. Jibu alikuwa nalo, tena tamu: hayo ni takataka zangu, mpumbavu wewe. Shida ni swali ambalo lingefuata. Takataka zako, mama, zina rangi ya zambarau? Zimetoka kwenye ua gani?

Akarudi ndani akampigia simu mpwa wake.

Mpwa alikuwa binti wa kaka yake, na alifanya kazi kwenye maabara ya kusoma vinasaba vya mimea. Ukoo mzima haukuelewa hiyo kazi ni nini, ila ulikubaliana kwamba koti jeupe linampendeza. Alifika na kisanduku cha vichupa vidogo. Akachukua jani upande wa Mama Sare, kisha akazunguka kwa Bwana Nusu, ambaye alimpokea kifua mbele kama mtu aliyeitwa kutunukiwa. Alipoambiwa anahitajika kutoa jani moja alikata nusu, nusu akabaki nayo.

"Nitajuaje," Mama Sare alimuuliza wakinywa chai jikoni, "kama lake ndilo mama wa langu, au langu ndilo mama wa lake?" Swali la pili aliliuliza akiangalia kijiko.

"Rahisi, Shangazi. Ua lako halikukosa rangi. Jeni ya rangi linayo, nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ila imekaliwa."

"Imekaliwa na nani?"

"Na kipande cha DNA kinachohama. Jeni rukaji. Kinajikata pale kilipo, kinakwenda kujibandika kwingine. Hiki kilichagua kukaa katikati ya jeni ya rangi. Fikiria jiko. Moto upo, mpishi yupo, chakula kipo, halafu mtu mmoja mnene kaja kakaa mlangoni. Hakuna sahani itakayotoka."

Mama Sare aliutazama mlango wa jiko lake kana kwamba anamwona.

"Kwa hiyo weupe wa ua langu ni huyo mnene."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii ya kuchagua."

"Ulikuwa unamchagua yeye. Tena kwa ustadi mkubwa, Shangazi, sikupaki mafuta."

Chai ikapoa kidogo.

"Wala usijisikie vibaya," Mpwa aliendelea, kwa sauti ile ya watu wanaopenda kazi yao hata mezani. "Wapo kila mahali. Mmea wa mahindi ukiufungua, sehemu kubwa ya vinasaba vyake ni wao. Hata sisi binadamu, karibu nusu ya vyetu ni wao na mabaki yao."

"Sema vyako. Ukoo wetu haukuwa na mambo hayo."

"Ukoo wetu ni mmoja, Shangazi."

"Basi ni upande wa mama yako."

Mpwa akacheka, akaendelea. Akaeleza kwamba wengi wa hao wahamaji walikufa zamani, na walio hai seli inawaziba midomo, inawapachika vizibo vidogo vidogo wasisomeke. Mmea ukipata taabu, joto, kiu, au kuhangaishwa tu, vizibo vinalegea na mmoja wao anaamka, anaangalia huku na huku, anaruka. Akiangukia katikati ya jeni, anaiharibu. Akiangukia jirani yake, huenda akageuka swichi, akaiwasha jeni mahali ambapo ilikuwa imelala siku zote. Kuna machungwa ambayo ndani ni mekundu kama damu, na wekundu ule ni kazi ya mmoja wao aliyetua karibu na jeni ya rangi. Si wahuni wote, alisema. Ila hata aliye mwema hana adabu ya kubisha hodi.

"Na akiondoka?" Mama Sare aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Rangi inarudi. Lakini hatoki safi. Pale alipokuwa amekaa anaacha herufi chache za DNA ambazo hazikuwepo. Kovu. Ndilo ninalokwenda kulitafuta. Jeni ya rangi ya Bwana Nusu ikiwa laini, haijawahi kukaliwa, basi huenda kweli ni ya mama yake. Ikiwa na kovu, ilishawahi kuwa nyeupe. Na nyeupe ya namna hii dunia nzima iko kwako tu."

Mama Sare alimwongezea chai bila kuombwa.

Majibu yalipokuja, Mpwa aliyaleta mwenyewe, karatasi mkobani. Alimkuta shangazi yake bandani akinyoosha vyungu vilivyokuwa vimenyooka.

"Kovu lipo. Herufi sita, mahali pale pale."

Mama Sare alimkumbatia mpaka koti likakunjamana, na hakulinyoosha. Alitembea mstari mzima wa vyungu na kurudi akiwa anaimba wimbo usio na maneno. Alikuwa ameshafika kwenye sehemu ya kumwazia Bwana Nusu sura yake itakavyokuwa, Mpwa alipomkatiza.

"Sasa, Shangazi. La zambarau limezaliwa na la kwako. Maana yake la kwako linazaa zambarau."

Wimbo ukafa.

"Na swali langu lingine. Lilivukaje ukuta?"

"Upepo."

"Upepo uling'oa mche na mizizi yake?"

"Kulikuwa na upepo mkali."

"Yako kama kumi na tano pale chini."

"Zilikuwa siku za upepo."

Mpwa aliutazama mkasi uliotokeza kwenye mfuko wa aproni. Kwenye makali yake palikuwa na kipande cha petali, kidogo, cha zambarau. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimpenda shangazi yake, na watu tunaowapenda ndio tunaowaambia mambo kwa kifupi.

"Bodi inatoa hati kwa ua lililotulia. Likisema jeupe, liwe jeupe leo na kesho. Karatasi hii nikiitoa, Bwana Nusu anatupwa nje, unabaki peke yako, na ua lako linaumbuka mbele ya watu. Nikiiacha mkobani, ni neno lako na neno lake. Mwenyekiti wao hana subira, atawaandika wote wawili mwende zenu, na jeupe litapita kama lilivyo. Mkasi wako hataujua mtu."

"Nani mwingine kaona haya majibu?"

"Mashine."

"Mashine haina neno," alisema Mama Sare.

Huo ndio ulikuwa mtego, na mzuri kiasi kwamba hata adui yake asingeweza kuutega. Jina lake peke yake kwenye ua lililoaibika, au jina lake na la Bwana Nusu kwenye ua safi. Ili aonekane si mwizi ilibidi akiri kwamba ni mwongo. Siku zote zilizobaki kabla ya kikao cha bodi alipita mbele ya kioo akijaribu kulitamka jina lake na la yule bwana kwa pumzi moja, na kila mara lile la pili lilikuwa linamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Chumba cha bodi kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa, na feni iliyokuwa inazunguka kwa kulazimishwa. Mama Sare alipanga vyungu vyake mezani, mstari mmoja, vyote vimepitiwa na mkasi alfajiri. Vilikuwa vinang'aa mpaka karani wa pembeni akajitazama kola yake. Mwenyekiti, mzee aliyevaa miwani kwenye paji la uso kana kwamba anasoma kwa nywele, alimpa Bwana Nusu nafasi aseme.

Bwana Nusu alikuwa amevaa koti la suti. Mama Sare alijiandaa kucheka moyoni, lakini yule bwana hakusema mambo ya nusu. Alimsema mama yake. Alisema alikuwa anaamka mapema na kumwagilia bustani kwa kikombe chake cha chai, kwa sababu ndoo ilimuumiza mgongo. Alisema alipofariki pale mahali palikauka, na yeye hakuwa na moyo wa kupagusa. Kisha asubuhi moja akatoka, akaona zambarau. "Nikajua amenirudia kidogo," alisema, akakaa. Karani akapenga kamasi.

Anaamini, Mama Sare aliwaza, na wazo hilo lilimkera kuliko lolote. Uongo angeupiga teke. Huyu mjinga alikuwa anaamini.

"Basi," alisema Mwenyekiti, akiangalia saa ya ukutani na mawazo yake yakiwa kwenye chakula cha mchana. "Mimi sioni ugomvi. Asili ni ya bwana, kwa upande wa mama yake. Mama huyu hapa naye alisaidia kuchagua. Tuandike majina mawili, tukale."

Alisaidia.

Mama Sare alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alikuwa amejikaza kuliona jina la Bwana Nusu kwenye kila chungu, kwenye kila kibaraza cha kila hoteli. Angelimeza hilo kama dawa chungu, macho kafumba. Lakini neno hilo alisaidia lilimpata mahali ambapo hakuwa ameweka ulinzi. Magoti yaliyochakaa kwa kupiga magoti kwenye udongo, brashi ya wanja, misimu yote ile: alisaidia.

"Mwanangu," alimwambia mpwa wake bila kugeuka, "itoe hiyo karatasi."

Mpwa aliitoa. Akaeleza habari ya mgeni aliyekaa mlangoni, akaeleza kovu, akaeleza nani kamzaa nani. Aliyaeleza vizuri, maana Mwenyekiti alishusha miwani mpaka machoni, jambo ambalo karani alilishuhudia kwa mshangao. Mzee akauvuta karibu mche mmoja kati ya ile mizuri, akaugeuza.

"Kwa hiyo ua lako, mama, ni geugeu."

Hapo palikuwa bado na upenyo. Angeweza kusema ilitokea mara moja. Angeweza kuutaja ule upepo.

"Ndiyo," alisema Mama Sare. "Linatoa madoa. Si mara moja, ni kila wiki. Kukiwa na joto, zaidi. Mara chache linatoa mche mzima wa zambarau. Madoa nayakata asubuhi, kabla watu hawajafika."

"Na miche?"

"Niliirusha juu ya ukuta."

"Kwa nini juu ya ukuta?"

"Kwa sababu yeye ndiye alikuwa upande wa pili."

Chumba kizima kilicheka, hata wajumbe waliokuwa wamesinzia, ambao walicheka kwa kuchelewa. Bwana Nusu hakucheka. Alikuwa anaitazama karatasi ya Mpwa iliyolala mezani.

"Kwa hiyo si ya mama," alisema, taratibu, kama anamwambia mtu aliyekaa karibu yake.

Mama Sare alikuwa na jibu. Lilikuwa limeiva, lina vitunguu ndani yake, na lingemwangusha chini mpaka mwakani. Alilishika ulimini, akaliacha liyeyuke.

Mwenyekiti alitoa uamuzi kwa furaha ya mtu aliyedhani siku yake itakuwa ya kuchosha. Pingamizi limetupwa; ua limetoka kwa mama huyu na hakuna mwingine. Hati ya ua jeupe nayo haitatolewa, "kwa sababu ua jeupe halipo. Ulichotuletea hapa ni kazi ya mkasi." Lakini sheria, alisema, ina mlango wa pembeni kwa mimea ambayo kutotulia ndiyo tabia yake. Aombe upya kwa mlango huo, aeleze linavyoruka, aweke mkasi chini msimu mzima ili bodi ije ione madoa yenyewe. Fomu anazo karani. Ofisi inafungwa yeye Mwenyekiti akienda kula.

"Na hili la zambarau," aliongeza akiwa ameshasimama, "kwa kweli ndilo lililotulia. Mgeni keshatoka mlangoni pake, halirudi kuwa jeupe. Bwana akitaka kuliombea hati, linafaa kabisa. Ila kwa kuwa limezaliwa na la mama huyu, apate kwanza saini yake."

Yaani takataka zilikuwa zimefaulu mtihani, na mzazi kaanguka. Mama Sare alitoka nje kabla hajasikia zaidi.

Ukumbini aliibandika fomu ukutani, kwa kuwa benchi lilikuwa limevunjika mguu, akaanza kuandika akiwa amesimama. Alijaza haraka mpaka akafika kwenye swali: eleza sifa inayolitofautisha ua hili na mengine. Mkono ukasimama. Sifa hiyo alikuwa ameikata kwa mkasi asubuhi hiyo hiyo.

"Andika tu, Shangazi. Madoa yasiyotabirika."

"Usinikimbize. Neno lenyewe sijawahi kuliandika."

Akaandika "mado", na kalamu ya Mpwa ikakauka wino. Akaikung'uta, akaipulizia pumzi ya moto, akaisugua kwenye kiatu. Wapi. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Mwenyekiti akiuliza kofia yake iko wapi.

"Chukua hii."

Bwana Nusu alikuwa nyuma yao, kalamu mkono mmoja, fomu yake mkono mwingine. Koti la suti lilikuwa limemlegea mabegani. Mama Sare aliitazama ile kalamu kwa mashaka.

"Unataka nini?"

"Saini."

"Nusu au nzima?"

Midomo ya yule bwana ilitikisika, karibu icheke. "Nzima. Nataka liitwe jina la mama. Najua si lake. Lakini liliota pale pale pake."

Mama Sare alimpokonya fomu akaisoma, tangu juu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusaini kwa upofu. Jina la ua: la mkwe wake wa zamani, kwa herufi kubwa, zimepangana vizuri, hata yeye asingezinyoosha zaidi. Asili ya mmea: Lilirushwa. Basi, hivyo hivyo tu.

"Andika lilirushwa kutoka wapi."

Akaongeza: kwa jirani.

"Jirani ana ua."

Akaongeza: kutoka kwenye ua jeupe la jirani, lenye madoa.

Mama Sare alisoma tena, akasaini, akamrudishia fomu na kubaki na kalamu. Akaugeukia ukuta, akamalizia lile neno, akaeleza rangi, mistari, robo zilizopigwa rangi, miche inayogeuka mizima, na joto. Alipoanza hakukoma, yalimtoka mpaka nafasi ikaisha na akaendelea pembeni, wima, nje kabisa ya mistari. Mwisho kabisa akafika penye jina la mzalishaji. Aliliandika pole pole, katikati, akaacha nafasi kushoto na nafasi kulia.

Bwana Nusu alichungulia begani kwake.

"Umesahau jina langu."

"Sijasahau," alisema Mama Sare, akamrudishia kalamu yake, akaingia ofisini kabla Mwenyekiti hajaipata kofia.